Namna ya kumhoji Mheshimiwa hadi msikilizaji aamini: mwongozo kwa watangazaji chipukizi wa Tanga

Mahojiano mengi ya wanasiasa yanayorushwa hapa mkoani yana kasoro ambayo msikilizaji huigundua kabla hata tangazo la kwanza halijaingia: majibu ni ya mgeni, na maswali nayo ni ya mgeni. Katibu wake ameyatuma kwa WhatsApp usiku, mtangazaji ameyanakili asubuhi, na sasa wawili hao wanasomeana. Mama anayekaanga bajia Makorora hazimi redio. Anapunguza sauti tu, anangoja taarabu irudi. Ukimuuliza Mheshimiwa kasema nini, atakujibu "yale yale," na hatakuwa amekosea.

Mwongozo huu nimemwandikia kijana anayeanza kazi kwenye redio ya jamii, televisheni ya mtandaoni au chaneli yake mwenyewe ya YouTube, awe hapa Tanga mjini, Muheza, Pangani au Korogwe. Mitambo sitafundisha, hilo mwachie fundi wenu. Nashika jambo moja tu: watu wameacha kutuamini kwa sababu hawaoni mahojiano yamepatikanaje, na dawa yake ni kuwaonyesha. Ukali wa sauti unakuja nyuma sana ya hilo.

Tatizo si letu peke yetu

Waingereza, ambao vyuo vyetu vya uandishi hupenda kuwatolea mfano, wamezipita njia zote mbili. Mwaka 1951 chama cha Conservative kilipopewa nafasi ya kujinadi kwenye televisheni ya BBC kabla ya uchaguzi, Anthony Eden alikaa na mtangazaji Leslie Mitchell katika kitu kilichoitwa mahojiano. Mitchell alianza kwa kumsifia uzoefu wake wa mambo ya nje, kisha akamuuliza angependa waanze na ya nje au ya ndani. Anayesikiliza vipindi vyetu vya asubuhi atadhani watu hao walikuwa Chumbageni.

Miaka 46 baadaye, tarehe 13 Mei 1997, Jeremy Paxman wa kipindi cha Newsnight cha BBC alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa ametoka kwenye uwaziri wa mambo ya ndani, swali lile lile mara 12 hivi: je, ulimtishia mkuu wa magereza kwamba utaupindua uamuzi wake? Howard alizunguka, hakujibu. Paxman akawa shujaa wa kila darasa la uandishi, ingawa baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliendelea kulirudia swali kwa kuwa taarifa iliyotakiwa kufuata haikuwa tayari. Yaani darasa letu kuu la ujasiri lilizaliwa na fundi kuchelewa.

Je, ukali ule uliilinda imani ya watu? Utafiti wa Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford ulikuta mwaka 2015 Waingereza 51 katika kila 100 wakisema wanaziamini habari kwa jumla. Mwaka 2024 walibaki 36. Kule Marekani shirika la Gallup lilipata asilimia 72 mwaka 1976 na asilimia 28 mwaka 2025. Siwezi kuwatwisha watangazaji wakali mzigo wote huo, maana siasa za kule zimegawanyika na simu za mkononi zimekuja na mambo yake. Lakini wanasiasa nao walijifunza. Wengine huja studio na sentensi tatu za kukariri na kuzirudia hata ukiwauliza saa ngapi. Wengine hawaji kabisa, wanazungumza na wafuasi wao moja kwa moja kwenye simu.

Hapa kwetu kuna historia nyingine. Gazeti la Kiongozi lilichapwa Tanga, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916. Lilikuwa la Kiswahili, walimu na makarani wetu waliliandikia, na mwenye gazeti alikuwa mtawala. Kwa hiyo watu wa mji huu wana zaidi ya miaka 100 ya kusoma habari zenye mwenyewe. Usiwadharau. Pumba na mchele wanavijua. Wanachotaka ni wewe usiwachanganyie makusudi.

Hatua ya 1: Sema hewani nani kaomba mahojiano

Hili linachukua sekunde 20 na sijui kwa nini halifanywi. Kabla ya swali la kwanza, sema: "Mahojiano haya tumeyaomba sisi, wiki mbili zilizopita, kuhusu mitaro ya Ngamiani. Mheshimiwa amekubali kwa sharti moja, tusiguse kesi iliyoko mahakamani, nasi tumelikubali." Basi. Kama ni yeye aliyeomba, sema ni yeye. Kama mmemrekodi ofisini kwake jana, usimwambie msikilizaji "tuko naye hapa studio."

Na kama muda umelipiwa, hayo si mahojiano. Ni tangazo, litajwe hivyo mwanzoni na mwishoni. Najua redio ndogo zinaishi kwa matangazo ya halmashauri na taasisi za umma, na meneja wako atakunja uso. Mweleze kwamba kipindi cha kulipiwa kikitajwa kuwa cha kulipiwa, kile kisicholipiwa ndipo kinapata thamani. Vikichanganywa, vyote viwili msikilizaji anavihesabu kuwa vya kulipiwa.

Hatua ya 2: Masharti na bahasha

Katibu wa Mheshimiwa atapiga simu: "Nitumie maswali, mzee ajiandae." Usimgombeze, naye ana bosi. Mtumie mada, usitume maswali. Mwambie: tutazungumzia bandari, ajira za vijana na maji, aje na takwimu zake. Hiyo ni haki ya mgeni, maana kumvizia mtu kwa takwimu asizotarajia kunatoa kelele badala ya majibu. Akisisitiza apate maswali yenyewe, una njia mbili: kukataa, au kukubali na kulitaja hewani. Nimeona makatibu wengi wakilegea wenyewe wakisikia neno "kulitaja hewani."

Bahasha ni ngumu zaidi kwa sababu haiji ikiitwa rushwa. Inaitwa nauli, mafuta, maji ya kunywa, posho ya chakula. Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari moja moja, tena malipo ya mwezi uliopita hayajaingia, akipewa nauli ya kutoka Pangani kurudi mjini baada ya ziara ya kiongozi, mimi simwiti kanjanja. Ila msikilizaji anayejua kwamba gari la ziara ndilo lililomleta mwandishi ana haki ya kutia shaka. Kwa hiyo: fedha ya mkononi kataa, kwa adabu, mbele ya shahidi ikiwezekana. Usafiri wa msafara ukilazimika kuupanda, useme kwenye taarifa yako: "Mwandishi wetu amesafiri kwa gari la msafara wa mkuu wa wilaya." Sentensi hiyo inauma mara ya kwanza tu.

Hatua ya 3: Soma karatasi kabla hujashika maiki

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapopaka rangi. Mtangazaji asiye na karatasi hana la kufanya isipokuwa kukubali au kukasirika.

Karatasi zipo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhiwa kwa Rais kila mwaka ifikapo mwisho wa Machi, kisha hupelekwa bungeni, na ile ya serikali za mitaa husimama peke yake. Tafuta ukurasa wa halmashauri yako. Taarifa rasmi za Bunge, yaani Hansard, zimo kwenye tovuti ya Bunge, utakuta mbunge wako kauliza nini na waziri kaahidi nini. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, nenda ukae. Na kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: andika barua kwa ofisi ya umma ukiomba taarifa, nao wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Wasipokujibu, nakala ya barua yako yenye mhuri wa kupokelewa ni swali tosha la kuanzia kipindi.

Nitoe mifano miwili ya hapa hapa, uone karatasi inavyobadilisha swali.

Bandari. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, ukaletwa gatini, ukapakuliwa tena. Serikali ikatumia Sh bilioni 429.1 kuongeza kina kutoka mita 3 hadi 13 na kujenga gati la mita 450. Mheshimiwa atakuja kusema bandari imefunguka, na kweli meli zinafunga gatini. Swali la uvivu ni: "Mheshimiwa, unazungumziaje mafanikio ya bandari?" Swali la aliyesoma ni: "Mzigo ulikuwa unashikwa mara mbili, sasa unashikwa mara moja. Wale vibarua wa matishari wameenda wapi, na kazi mpya zilizopatikana bandarini ni ngapi, za kudumu na za kutwa?" Swali la pili halimpingi mtu. Linadai hesabu tu, na kijana wa Mwambani anayesubiri kazi amekuwa akiliuliza siku zote.

Maji. Mwaka 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayotunza mazingira, ya Sh bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua huduma, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Ni jambo kubwa na la kupongezwa likifanikiwa. Ila hatifungani ni mkopo kutoka kwa wawekezaji. Sasa mwanasiasa akisema hewani "tumewaletea bilioni 53 za maji," mtangazaji asiyejua tofauti atasema "hongera sana Mheshimiwa." Anayejua atauliza: "Fedha hizo zitarudishwa na nani, na ankara ya maji ya Duga au Mabawa itapanda ili kulipa riba?" Huenda kuna jibu zuri. Mpe nafasi alitoe.

Hatua ya 4: Andika maswali mafupi, kisha yatupe nusu

Kuna maswali ambayo natamani yafutwe katika redio zote za mwambao. "Unazungumziaje suala la…" "Una ujumbe gani kwa wananchi?" "Nini siri ya mafanikio yako?" "Neno lako la mwisho?" Hayo ni mialiko ya hotuba. Swali zuri huanza na lini, nani, ngapi, wapi, au kwa nini, na huishia kabla pumzi haijakatika. Ukiunganisha maswali matatu kwa "na pia," mgeni atachagua jepesi, nawe hutamlaumu.

Maswali uyatoe kwa watu, lakini angalia unakokwenda. Watangazaji wengi hukimbilia baraza la kahawa, wakae na wazee, wale kashata, warudi na "maoni ya wananchi." Baraza lina watu wa maana sana ila wengi ni wanaume waliokwisha kustaafu. Nenda soko la Mgandini asubuhi. Nenda kwa wavuvi wa Deep Sea wakirudi na samaki. Nenda stendi ya Kange, saluni, kikao cha vikoba. Rekodi sauti zao, pamoja na jina la mtaa. Mgeni akisikia swali kwa sauti ya mama lishe mwenyewe hawezi kusema umetumwa na wapinzani wake.

Hatua ya 5: Ndani ya studio

Salamu kwanza, maana nimesikia mabishano mengi juu yake. Wapo wanaodai kumwamkia mgeni shikamoo hewani ni kujishusha. Mimi naona si kweli. Tanga hii kijana asiyemwamkia mkubwa wake anaonekana hana adabu, na msikilizaji akishaona huna adabu hasikii tena swali lako. Amkia, sema "Mheshimiwa," sema "mzee wangu" akiwa mzee. Kinachoharibu ni sauti zile ndogo ndogo unazotoa yeye akisema: "ehee," "kabisa," "ni kweli kabisa Mheshimiwa," na kicheko kwa kila utani. Sikiliza rekodi ya kipindi chako uhesabu "kabisa" zako. Msikilizaji anazihesabu. Badala yake tikisa kichwa. Kichwa hakisikiki redioni.

Jiandae kwa ujamaa. Mji ni mdogo. Mgeni atakuita mwanangu, atakukumbusha kwamba anamjua baba yako, kwamba alikuona ukienda madrasa. Au ataleta utani wa Mdigo na Mzigua, studio nzima icheke, na swali lipotee humo kwenye kicheko. Usikatae kuitwa mwana wala usiukwepe utani. Itika, cheka kidogo, kisha liweke swali lile lile mezani. Hili linahitaji mazoezi. Fanya na mwenzako kabla ya kipindi, yeye akiigiza Mheshimiwa.

Sasa sikiliza mazungumzo ya mfano, nimeyatunga lakini kila atakayeyasoma atayatambua:

– Mheshimiwa, ujenzi wa mtaro wa Barabara ya Nane unaanza lini?

– Kwanza nikushukuru kwa swali zuri sana. Nichukue fursa hii kuwashukuru viongozi wetu wa mkoa, wa wilaya, na wananchi kwa ujumla kwa ushirikiano…

– Shukrani zimefika, Mheshimiwa. Naomba nikurudishe kwenye mtaro: ni lini?

– Serikali yetu ni sikivu. Mchakato unaendelea vizuri.

– Nimekusikia kuhusu mchakato. Tarehe imepangwa, au bado?

– Mwanangu, mambo ya serikali hayaendi kwa tarehe za redioni.

– Sawa mzee wangu. Basi niwaambie watu wa Barabara ya Nane kwamba tarehe haijapangwa?

Angalia mambo matatu. Shukrani aliachiwa, kwa sababu huku kumkata mtu akishukuru ni utovu. Nusu dakika inatosha. Hakuna mahali mtangazaji alipopandisha sauti. Na swali la mwisho ni muhtasari ambao mgeni lazima aukubali au ausahihishe. Akiukubali, umepata habari. Akisahihisha, umepata habari zaidi.

Akikwepa tena, usifike mara 12 za Paxman. Mara tatu zatosha. Baada ya hapo mgeukie msikilizaji, kwa sauti ile ile ya kawaida: "Swali la tarehe tumeliuliza mara tatu. Tarehe hatujaipata. Tuendelee na maji." Usiongeze neno, usicheke, usipumue kwa nguvu. Hukumu ni ya msikilizaji, na ukimwachia atakuheshimu kuliko ukimhukumia.

Yapo majibu ambayo kila mwanasiasa wetu anayo mfukoni, wa chama tawala na wa upinzani. Yajue na uwe na la kufuatia.

"Mkandarasi yupo saiti." Hili ndilo nilipendalo, kwa sababu linapimika. Siku ya kipindi, alfajiri, panda bajaji uende saiti. Piga picha. Mara nyingine utakuta mitambo inanguruma, na utamsifu mtu kwa haki. Mara nyingine utakuta vifusi viwili na mlinzi.

"Tumetenga fedha." Kutenga ni jambo la kwenye kitabu cha bajeti, kutoka kwa fedha ni jambo la benki. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, kwa hiyo kauli hiyo ikitolewa Agosti ina uzito mmoja na ikitolewa Mei ina uzito mwingine kabisa. Uliza: "Zilizotengwa ni kiasi gani, na zilizokwishatoka hadi leo ni kiasi gani?"

"Upembuzi yakinifu umekamilika." Ripoti iko ofisi gani, na inasema gharama ni kiasi gani?

"Ni suala mtambuka." Basi atutajie ofisi inayopaswa kuanza. Barabara za mitaani ni za TARURA, barabara kuu ni za TANROADS. Ukijua hilo, hawezi kukutupia mpira wa ofisi nyingine.

Jambo la mwisho kuhusu studio. Uwe na usawa wa maswali. Ukiwa mkali kwa diwani wa upinzani asiye na gari wala mlinzi, kisha ukawa laini kwa mkuu wa mkoa, au kinyume chake, watu watakuita chawa, na ushahidi utakuwa nao. Maswali uliyomuuliza wa kwanza mwekee wa pili. Yule wa pili akikataa kuja, mpigie tena, kisha useme hewani ulimpigia siku gani na alijibu nini.

Hatua ya 6: Simu za wasikilizaji

Laini zikifunguliwa, simu za mwanzo mara nyingi ni za wapambe waliokaa na salio wakingoja. Utawajua, wanaanza na "nampongeza sana." Wapokee, lakini kila mpigaji ataje mtaa wake na aulize swali, asiye na swali mshukuru umwachie mwingine. Na usome ujumbe mfupi mkali pamoja na mtamu, bila kulainisha maneno isipokuwa matusi.

Hatua ya 7: Ukikata klipu, kata kwa uaminifu

Sasa hivi watu hawasikilizi kipindi cha saa nzima. Wanapata sekunde 40 kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Imani inajengwa au kubomolewa hapo.

BBC imepata somo hili kwa bei kubwa. Kipindi chake cha Panorama kilichorushwa Oktoba 2024 kiliunganisha vipande viwili vya hotuba ya Donald Trump ya Januari 6, 2021, vilivyopishana kwa zaidi ya dakika 50, vikasikika kama kauli moja. Jambo lilipofichuka, mwezi Novemba 2025 mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness walijiuzulu. Huko wana wahariri chungu nzima. Wewe na laptopu yako ya kuazima uwe mwangalifu zaidi yao.

Kanuni zangu ni chache. Swali liwemo ndani ya klipu. Jibu lisilo na swali linaweza kumaanisha lolote. Ukiunganisha vipande viwili, weka sauti yako katikati: "baadaye kidogo alisema." Mahojiano kamili yawekwe mtandaoni siku hiyo hiyo, na klipu itaje dakika lilipotolewa jibu. Kichwa cha habari kiseme kilichomo. Televisheni zetu za mtandaoni zina ugonjwa wa "MBUNGE AWAKA, AMWAGA MACHOZI HEWANI," ufungue ukute mtu anapenga mafua. Ukimdanganya mtu hivyo mara mbili, ya tatu hafungui, hata ukiwa na habari ya kweli kwamba paa la zahanati limeanguka.

Rekodi ghafi usiifute kamwe. Siku hizi mgeni akibanwa na kauli yake anaweza kudai ni sauti ya akili mnemba. Ukiwa na rekodi nzima, tangu alipojaribu maiki akasema "moja mbili, moja mbili," ubishi unaisha.

Hatua ya 8: Sahihisha pale pale ulipokosea

Kosa la saa mbili asubuhi lisahihishwe saa mbili asubuhi, kwa sauti ya mtangazaji yule yule, si usiku wa manane na mtu wa zamu. Taja kosa lenyewe na ukweli wake. Mgeni akilalamika kwamba hakutendewa haki, mpe nafasi ya kujibu. Msipoelewana, mwelekeze Baraza la Habari Tanzania, chombo kilichoanzishwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, ambacho hupokea malalamiko na kusuluhisha bila kwenda mahakamani. Kuna pia Kamati ya Maudhui ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa mambo ya utangazaji, na huko adhabu zipo. Kabla ya yote hayo soma mwenyewe Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, uwe na kitambulisho chako cha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kama una chaneli ya mtandaoni fuatilia leseni. Usingoje kusimuliwa sheria na mtu anayetaka kukutisha nayo.

Hatua ya 9: Kalenda ya ahadi

Baada ya kipindi, usilale kabla hujaandika ahadi zote zenye tarehe au kiasi. Daftari la kawaida linatosha: nani, kasema nini, lini, dakika ya ngapi, itimie lini. Faili la sauti lipe jina linaloeleweka, mwaka kwanza, kisha mwezi, siku, jina la mgeni na mada, uhifadhi nakala mbili sehemu mbili tofauti, moja nje ya ofisi. Kisha kila ahadi iingize kwenye kalenda ya simu yako, ikukumbushe wiki mbili kabla ya siku yake, ili uwe na muda wa kwenda saiti, kuandika barua, na kumpigia katibu kumwambia mada ya mahojiano yanayofuata.